Jinsi Mionzi ya Eksirei Inavyochujwa na Kugawanywa

Watu waendao kupigwa picha za mifupa au mapafu katika hospitali za Nyeri, Karatina, Embu na Meru huiona mashine, lakini hawakioni kipande chembamba cha alumini kilichomo ndani yake. Kipande hicho ni kinga yao.

Mionzi ya eksirei, iliyovumbuliwa na Wilhelm Röntgen wa Ujerumani mwaka 1895, hutoka ikiwa mchanganyiko. Mionzi yenye nguvu hupenya mwili na kufanya picha. Mionzi dhaifu huishia mwilini, hasa karibu na ngozi. Haisaidii picha, bali huongeza madhara bure. Alumini huizuia. Katika mashine nyingi za picha za kawaida, chujio lote hutakiwa lisipungue kinga ya milimita 2.5 za alumini. Nchini Kenya usimamizi wa mashine hizo ni wa Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, kwa sheria ya mwaka 2019.

Lakini alumini haiwezi kuchagua mionzi ya namna moja tu. Mkulima wa kahawa ataelewa: kupepeta makapi ni kazi moja, na kupanga buni kwa madaraja ya AA na AB ni kazi nyingine. Kazi hii ya pili hufanywa na fuwele, yaani kitu kigumu ambacho chembe zake zimejipanga kwa safu, kama chumvi. William Bragg wa Uingereza na mwanawe Lawrence walionyesha ya kuwa fuwele ikiwekwa kwa pembe fulani hurudisha mawimbi ya urefu mmoja. Pembe ikibadilishwa, hurudisha mengine. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1915, Lawrence akiwa na umri wa miaka 25.

Faida yake ni kubwa. Udongo mwekundu uliotokana na mawe ya volkano ya Mlima Kenya ukimulikwa kwa eksirei katika maabara, kila elementi iliyomo hutoa mionzi yake yenyewe. Fuwele huigawanya mionzi hiyo, na wataalamu hujua kiasi cha chuma au potasi kilichomo.

Hospitalini, chujio hupunguza mionzi isiyofaa, haliondoi yote. Mgonjwa asiiogope picha aliyoagizwa na daktari, lakini mama mwenye mimba, au adhaniaye kuwa nayo, na amwambie mpigaji picha kabla mashine haijawashwa.