Je, Wajua? Nati Iliyoshusha Bei ya Bunduki

Je, wajua kwamba bunduki ya kuwindia ya Savage 110 ilijipatia jina kwa unafuu wake? Ilibuniwa na Nicholas Brewer wa kampuni ya Savage, Marekani, ikaingia sokoni mwaka 1958 kwa bei isiyofika dola 110.

Siri yake ni nati.

Bunduki nyingi za bolti za wakati ule zilihitaji fundi stadi achonge na kupima tena na tena mpaka mtutu ukae sawasawa. Brewer aliuzungushia mtutu nati yenye mifereji. Fundi huingiza kipimo kwenye chemba, huuzungusha mtutu taratibu mpaka uguse kipimo hicho, kisha hukaza nati. Kazi imekwisha, na shabaha haipungui. Mwaka 1959 lilifuata toleo la mashoto, lenye mkono wa bolti upande wa kushoto.

Kasoro ilikuwa kifyatulio kizito. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ilileta AccuTrigger: mwindaji hurekebisha mwenyewe uzito wa kifyatulio, na ulimi mwembamba ulio katikati huzuia bunduki isijifyatue ikianguka.

Kwa hiyo, anayetafuta bunduki ya bei ya kati asidanganywe na mng'aro wa mbao. Aweke kitako begani, afungue na kufunga bolti mara kadhaa, apime kifyatulio kwa kidole bunduki ikiwa tupu, na abakize fedha za darubini nzuri. Kabla ya yote, awe na kibali halali mkononi.