Spiriti Haileti Nguvu: Acheni Kuchakachua Magari Yenu Wenyewe

Swali ni lile lile, kinachobadilika ni aina ya gari tu. "Fundi, nimepata spiriti ya asilimia 96, safi, ya kiwandani. Nimimine lita ngapi kwenye Subaru ili itoke vizuri?" Wiki inayofuata ni Evo, nyingine ni Mark II yenye tabo. Hapa Zuzu, Dodoma, swali limeota na mkia: kwa kuwa zabibu zimetuzunguka, na mvinyo mwingine unaharibikia kwenye mapipa, kwa nini tusiuchemshe wenyewe tukajaza matanki? Nimekuwa nikimjibu kila mtu peke yake. Leo nawajibu wote, kwa sababu pistoni zilizotoboka zinaendelea kuletwa gereji, na wenye magari bado wanaamini kosa lilikuwa kutia spiriti kidogo mno.

Jibu ni lita sifuri.

Ethanoli yenyewe haina ubaya. Kwa injini ya tabo iliyoandaliwa vizuri ni mafuta bora kuliko petroli yoyote inayouzwa kwenye vituo vyetu. Ubaya ni kuimimina kwenye gari ambalo pampu, nozeli na kompyuta yake vinajua petroli peke yake, kisha ukategemea maajabu.

Imani ninayotaka kuing'oa leo ni hii: kwamba spiriti ina "moto mkali" kuliko petroli, kwa hiyo ukiichanganya nguvu inapanda yenyewe. Wanaoishikilia wana mfano wanaoupenda, na mfano wenyewe ni wa kweli. Kampuni ya Koenigsegg ya Sweden ilikuwa na gari la CCX lenye nguvu za farasi 806 kwa petroli. Mwaka 2007 ikatoa ndugu yake, CCXR, linalotumia E85, yaani mchanganyiko wa ethanoli asilimia 85 na petroli 15. Hilo likatoa nguvu za farasi 1,018. Zaidi ya farasi 200 wameongezeka, na mtu anaona kilichobadilika ni mafuta tu.

Hakikubadilika mafuta tu. Tupige hesabu pamoja. Kilo moja ya petroli ikiungua inatoa joto la megajouli 43 hivi. Kilo moja ya ethanoli inatoa 27 tu. Kwa hiyo huo "moto mkali" haupo. Ethanoli ina joto pungufu, kwa sababu zaidi ya theluthi ya uzito wake ni oksijeni, ambayo haiungui. Inachojivunia ni kwamba inahitaji hewa kidogo: kilo moja ya petroli inataka kilo 14.7 za hewa, ya ethanoli inataka 9. Nguvu ya injini hupimwa kwa hewa inayoweza kumeza, basi gawanya. Kwa kila kilo ya hewa inayoingia kwenye silinda, petroli inatoa megajouli 2.9 na ethanoli inatoa takribani 3.0. Tofauti ni asilimia mbili au tatu. Farasi 200 hawapatikani hapo.

Walipatikana kwingine. Ethanoli ina okteni ya karibu 108, hivyo inavumilia mgandamizo na joto bila kujilipukia yenyewe, yaani bila injini kunoki. Tena inapogeuka mvuke inafyonza joto: kwa hewa ile ile, inapoza karibu mara nne ya petroli. Hewa ikiwa baridi, injini hainoki haraka. Kwa sababu hizo mbili wahandisi wa Sweden waliweza kuongeza msukumo wa hewa, na kwa kufanya hivyo wakabadilisha nozeli, mirija ya mafuta na programu ya kompyuta. Nguvu ilitoka kwenye hewa iliyoongezwa. Kazi ya ethanoli ilikuwa kuruhusu hewa hiyo iongezwe bila injini kunoki. Ukiimimina kwenye tanki bila kugusa msukumo wala taimingi, umenunua ruhusa usiyoitumia.

Na hutabaki pale pale ulipokuwa. Utarudi nyuma. Kwa kuwa ethanoli inataka hewa kidogo kwa kila kilo, hewa ile ile ya injini yako inahitaji mafuta mengi zaidi. Kwa E85 nozeli zinapaswa kumwaga karibu asilimia 40 zaidi; kwa ethanoli tupu, zaidi ya nusu tena. Kompyuta ya gari haijui umetia nini. Ukiendesha polepole, sensa ya oksijeni kwenye ekzosi inagundua mchanganyiko umekonda na kompyuta inaongeza mafuta kadiri inavyoruhusiwa. Ikifika mwisho wa ruhusa yake inawasha taa ya injini, na ukipima unakuta kodi P0171. Wengi huja na kodi hiyo wakiomba wauziwe sensa mpya.

Hatari kubwa ni pale unapokanyaga hadi mwisho. Magari mengi ya tabo ya miaka ya 1990 na 2000, ambayo ndiyo tuliyo nayo, yanapofika hapo huacha kuisikiliza sensa na kufuata jedwali lililoandikwa kiwandani kwa ajili ya petroli. Jedwali linasema mimina kiasi fulani, nozeli zinamimina kiasi hicho, na injini iko kwenye msukumo wa juu kabisa ikiwa na njaa ya mafuta. Unaposikia gari "limechangamka" kwa dakika mbili tatu, unachosikia ni injini inayoungua ikiwa kavu. Inayofuata ni valvu ya ekzosi au paji la pistoni. Mwenye gari anakuja akisema ilikuwa inatoka vizuri sana kabla haijafa. Naam, na sababu ni hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye hiyo asilimia 96 inayosifiwa. Asilimia nne zilizobaki ni maji, na hayakubaki kwa uzembe wa kiwanda. Ethanoli na maji vikifika kiwango hicho huchemka pamoja, na mtambo wa kawaida hauwezi kuvitenganisha hata uchemshe mara mia. Ethanoli ya kuchanganywa na petroli hukaushwa kwa njia nyingine hadi kupita asilimia 99. Spiriti ya jikoni, ya maabara na ya vinywaji haijakaushwa, kwa sababu kazi zake hazidai hivyo.

Maji hayo yanafanya nini? Chukua tanki la lita 50, tia petroli lita 45 na spiriti yako lita 5. Umeingiza maji mililita 200, yaani asilimia 0.4. Mchanganyiko wa aina hiyo, kwenye ubaridi wa nyuzi 15, unabeba maji asilimia 0.5 hivi, basi. Uko ukingoni. Usiku wa Juni na Julai hapa Dodoma unashuka hadi nyuzi 14 au chini, na kadiri mafuta yanavyopoa ndivyo uwezo wa kubeba maji unavyopungua. Kama spiriti yako ni ya asilimia 90, maji ni nusu lita na umeshavuka. Kama ni ile ya kusafishia vidonda, ya asilimia 70, umemimina lita moja na nusu ya maji kwenye gari lako kwa mkono wako.

Maji yakizidi, ethanoli inaiacha petroli na kuyafuata. Vyote viwili vinashuka chini ya tanki, na chini ndipo pampu inapovuta. Asubuhi gari linavuta spiriti yenye maji, linakohoa na kuzima. Petroli iliyobaki juu haina tena ile okteni uliyoitafuta, kwa sababu iliyoileta imeondoka. Huku nyuma, tanki la chuma linashika kutu, na uchafu wa miaka uliobanduka kwenye kuta unakwenda kuziba filta. Mwaka 2010 nchi hii ilianza kutia vinasaba kwenye mafuta ili kuwabana waliokuwa wakichakachua kwa mafuta ya taa. Leo mtu anapita kituoni, ananunua mafuta yenye vinasaba, kisha anakwenda kuyachakachua nyumbani.

Kuna anayeniambia: "Mbona Brazil wanatumia ethanoli yenye maji?" Ni kweli, tena kwa miaka mingi; Fiat 147 ya ethanoli ilitoka mwaka 1979. Lakini gari lile lilitengenezwa kwa ajili hiyo, na mafuta yake yalikuwa ethanoli, hayakuwa petroli iliyotiwa spiriti. Pale ambapo petroli inachanganywa, Brazil pia hutumia ethanoli kavu. Hata jirani zetu walijua hivyo: Malawi imekuwa ikichanganya tangu 1982, na Kenya iliuza petroli yenye ethanoli ya Muhoroni tangu 1983 kwa miaka kama kumi. Hakuna aliyemimina ndoo ya spiriti ya jikoni kwenye tanki akaita teknolojia.

Kuhusu zabibu zetu, hesabu ni fupi. Mvinyo una kilevi asilimia 12 hivi. Kupata lita 40 za ethanoli unahitaji zaidi ya lita 330 za mvinyo, ambao ni karibu nusu tani ya zabibu, kwa tanki moja lisilokufikisha Dar es Salaam na kurudi. Bado haijakauka, na kuchemsha pombe kali bila leseni ni kosa la jinai. Uzeni zabibu.

Na kama gari lako halina tabo, sikiliza vizuri. Dodoma iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,100, na hewa yetu ni pungufu kwa karibu asilimia 12 kuliko ya Dar. Silinda inapata hewa kidogo, mgandamizo unapungua, na injini inadai okteni ndogo zaidi ya ile iliyokusudiwa kiwandani. Okteni ya ziada haina kazi hapo hata ukipewa bure.

Sasa njia zilizopo, haraka haraka.

Ya kwanza: baki na petroli. Badilisha plagi, safisha nozeli, pima msukumo wa pampu, tafuta hewa inayovuja kwenye mabomba ya tabo. Magari mengi yanayodaiwa "yamepoteza nguvu" yanapona hapa.

Ya pili, kwa mwenye spiriti ya 96 na tabo inayopata joto: ichanganye nusu kwa nusu na maji, iweke kwenye tanki lake yenyewe, na ufunge mfumo wa kuipuliza kwa ukungu kwenye njia ya hewa baada ya kipozeo. Hapo maji ni rafiki. Lazima kuwe na swichi inayoshusha msukumo tanki likiisha.

Ya tatu ni E85 kamili: nozeli kubwa, pampu kubwa inayokubali ethanoli, mirija ya teflon, plagi za baridi kwa hatua moja, sensa ya kupima kiwango cha ethanoli, kipimo cha mchanganyiko kwenye ekzosi, na kompyuta inayoandikwa upya juu ya mashine ya kupimia nguvu. Ethanoli iwe kavu, ikae kwenye chombo kilichofungwa, na mabadiliko ya oili yafanyike mapema kuliko kawaida. Weka kizimamoto karibu, kwa sababu mwali wake ni hafifu na kwenye jua letu unaweza usiuone. Matumizi yatapanda kati ya asilimia 25 na 40, na hakuna kituo chetu kinachoiuza, kwa hiyo ni njia ya gari la mashindano lenye pipa lake. Siyo ya gari la kwendea kazini.

Ya nne, kwa anayetafuta nafuu ya bei na siyo mbio: ethanoli haikuhusu. Ulizia gesi asilia.

Ukichagua ya tatu, anza na pampu na nozeli, fuata kompyuta, mafuta yaje mwisho. Fundi anayekuambia uanze na mafuta, chukua ufunguo wako uondoke.