Je, Wajua? Kompyuta na Msongamano wa Magereza

• Je, wajua kuwa Gereza Kuu la Munzenze, Goma, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lilijengwa kwa ajili ya watu wapatao 350, lakini mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, Januari 2025, walitoroka humo zaidi ya 4,000? Umoja wa Mataifa ulieleza kuwa wafungwa wanawake zaidi ya 150 walibakwa, na wengi wao wakafa kwa moto.

• Je, wajua kuwa wengi waliorundikana humo walikuwa mahabusu, yaani watu wasiohukumiwa bado? Ibara ya 18 ya Katiba ya Kongo inataka mtu asiwekwe na polisi zaidi ya saa 48: aachiwe au afikishwe mbele ya mamlaka ya sheria.

• Je, wajua kuwa msongamano una hesabu yake? Mmarekani John Little aliithibitisha mwaka 1961: zidisha idadi ya wanaoingia kila siku kwa siku wanazokaa. Kwa mfano, wakiingia 10 kila siku na kila mmoja akakaa siku 100, ndani watakuwa 1,000. Siku zikishuka hadi 50, watakuwa 500, na hakuna ukuta mpya uliojengwa.

• Je, wajua kuwa mwaka 1967 watafiti wa Marekani waliigiza ndani ya kompyuta safari ya kesi za jinai za Washington? Programu yao, COURTSIM, ilionyesha hatua ambayo mafaili yalikuwa yakikwama.

• Je, wajua kuwa Alfred Blumstein na wenzake walibuni JUSSIM, programu ya kuwasaidia wapangaji? Iliwawezesha kuuliza: polisi wakikamata watu wengi zaidi, mahakama na magereza yatalemewa kiasi gani?

• Je, wajua kuwa Gereza la Makala, Kinshasa, lilijengwa kwa wafungwa 1,500, likaja kuwa na zaidi ya 10,000? Serikali ilitangaza vifo 129 katika jaribio la kutoroka la Septemba 2024.

• Je, wajua kuwa programu kama COURTSIM na JUSSIM hazimhukumu mtu? Hukumu hubaki kwa hakimu. Kazi ya programu ni kupima mpango kabla fedha hazijatumika: tuongeze mahakimu, au tujenge jengo?

• Je, wajua kinachohitajika kwanza ili programu hizo zifanye kazi? Ni daftari safi: tarehe ya kukamatwa, ya kufika mahakamani, ya kutoka. Wenye mamlaka, anzeni kuziandika leo. Mahabusu asiyeandikwa ndiye anayesahauliwa.