Kwa Nini Vidonge Vitatu vya CPN Havimdhuru Mama?

Mama wa nyumba yako amekwenda CPN hapa Kindu, ao Kalima, ao Kailo. Wamempa vidonge vitatu na kikombe cha maji, na mwuguzi amesimama karibu mpaka ameona vyote vimemezwa. Hivyo ni vidonge vya SP, vile wengi wanavyoita Fansidar. Akirudi nyumbani, jirani anamwuliza: "Dawa inayoua kijidudu cha malaria, haitaua mtoto tumboni?"

Ulizo hilo ni la akili, tena jibu lake limo ndani ya mwili wetu wenyewe.

Mtoto akijengwa tumboni, kila siku mwili unatengeneza ADN mpya, ni kusema yale maandiko madogo yanayoongoza kila sehemu ya mwili. Ili kutengeneza herufi za ADN, mwili unahitaji folati, vitamini tunayopata katika sombe, maharagi na majani mengine. Folati ni kama sururu ya mchimbaji: ikifanya kazi inakuwa butu. Ndani yetu kuna enzimu moja inayoinoa tena, jina lake kwa kifupi ni DHFR. Jeni inayoamuru enzimu hiyo itengenezwe inakaa kwenye kromosomu ya 5. Sisi sote tunayo.

Lakini kijidudu cha malaria nacho kina DHFR yake. Kazi ni moja, umbo si moja. Pirimetamini, dawa moja kati ya mbili zilizo ndani ya SP, inaikamata enzimu ya kijidudu kwa nguvu, na ile ya mtu inaigusa kidogo tu. Dawa ya pili, sulfadoksini, inazuia kijidudu kujitengenezea folati. Sisi hatutengenezi folati, tunaikula. Basi hapo dawa haina kitu cha kutunyang'anya. Pirimetamini ilitoka katika kazi ya Gertrude Elion na George Hitchings huko Marekani, ambao walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1988.

Sasa sikiliza vizuri, maana dawa nzuri inaweza kuharibiwa na sisi wenyewe.

Kwanza, vidonge vya folati. Kidonge kidogo cha 0.4 mg cha kila siku ni chema kwa mama. Lakini kile cha 5 mg kinaweza kukilisha kijidudu na kupunguza nguvu ya SP. Ukinunua dawa sokoni, soma namba, ao umwonyeshe mwuguzi.

Pili, kutibu homa na SP. Mwaka 2001 Kongo iliacha klorokini ikachukua SP. Mwaka 2005 ikaiacha SP nayo kwa kutibu malaria, ikachukua artesunate pamoja na amodiakini. Sababu ni nini? Jeni za kijidudu zilibadilika, na dawa haishiki tena sawasawa. Huku mashariki mabadiliko hayo ni mengi kuliko magharibi. Kwa hiyo ukiwa na "palu", pima damu, upate dawa ya leo. SP imebaki kwa kumkinga mama mwenye mimba, na hapo ingali inasaidia mtoto azaliwe na uzito mzuri.

Tatu, kuruka zamu. SP haipewi katika miezi mitatu ya kwanza. Inaanza mwezi wa ine, na kati ya zamu moja na nyingine upite mwezi mmoja ao zaidi. Mama apate zamu tatu ao kupita. Yule anayekunywa kotrimoksazoli kwa sababu ya virusi vya UKIMWI asichanganye na SP. Na yule ambaye dawa za sulfa zinamletea vidonda ao kuvimba, aseme mapema.

Baba unayehamia mgodini na familia, neno hili ni lako. Machimbo yanahama, na mama anaacha CPN katikati. Kabla ya kufunga mizigo, chukua fishi yake, uhesabu zamu alizopata, uulize kituo cha afya kilicho karibu na kule mnakokwenda. Na mustikere iwe ya kwanza kuingia katika mzigo, mbele ya sururu.