Mapenzi Asilimia 34?

Unaandika jina lako, la mpenzi wako, unabonyeza: asilimia 34! Mtoto wa watu ananuna wiki nzima. Jamani! Hebu badili Fatuma uandike Fatma, uone namba inavyoruka. Mchezo unahesabu herufi tu, haumjui mtu.

Pwani ya Kilwa na Lindi hesabu hizi si ngeni. Kwa abjadi, kila herufi ya Kiarabu ina namba yake: alifu 1, be 2, jimu 3. Mpiga ramli hujumlisha jina lako na la mama yako, akagawa kwa 12. Kinachobaki ndicho kinachotaja nyota yako. Huyo angalau atakuuliza una shida gani. Michezo mingine ya mtandaoni inataka namba ya simu. Ya nini? Chekeni wawili, namba msiandike.