Uhakiki wa Data za Matumizi ya Serikali kabla ya Kuingizwa katika Hifadhidata: Uwezo na Mipaka ya Programu ya Mstari wa Amri

1.0 Utangulizi

Tangu Novemba 2010, wizara za serikali kuu ya Uingereza zimekuwa zikichapisha orodha za malipo yanayozidi pauni 25,000, kwa kawaida katika faili za CSV za kila mwezi. Mtafiti anayetaka kujua kampuni moja imelipwa kiasi gani na wizara zote hulazimika kuunganisha faili nyingi zilizoandaliwa na watumishi tofauti. Kosa likipenya katika hatua hiyo, hifadhidata inaweza kulipokea bila kutoa ishara yoyote, na jumla isiyo sahihi ikabebwa hadi kwenye hitimisho la utafiti. Makala haya yanaeleza namna programu ya Frictionless inavyotumika kuhakiki faili kabla ya kuingizwa, na kubainisha ni madai gani yanayoweza kuthibitishwa na ripoti yake.

2.0 Skima na Amri

Uhakiki huanza kwa kuandika skima, yaani faili inayotaja jina la kila safu wima, aina ya data inayotarajiwa na masharti yake. Baada ya hapo hutolewa amri moja:

frictionless validate malipo.csv --schema skima.json

Skima isipotolewa, programu hukisia aina za data kutokana na sampuli ya safu mlalo za mwanzo. Makisio hayo yana hatari. Katika uainishaji wa kimataifa wa kazi za serikali, COFOG, msimbo wa afya ni 07 na wa elimu ni 09. Msimbo huo ukisomwa kama namba, sifuri ya mwanzo hupotea na 07 huwa 7. Hivyo haulingani tena na jedwali la uainishaji. Kwa sababu hiyo, misimbo yapaswa kutajwa katika skima kuwa matini, japokuwa imeandikwa kwa tarakimu.

3.0 Makosa Yanayobainika

Programu hubaini makosa ya aina mbili. Aina ya kwanza ni ya muundo: vichwa vya safu vilivyo tupu au vinavyojirudia, safu mlalo tupu, na seli zilizopungua au kuzidi. Seli huzidi, mathalani, pale jina la kampuni lenye mkato linapoandikwa bila alama za nukuu. Aina ya pili ni ya maudhui yasiyolingana na skima, kama vile kiasi kilichoandikwa 1,250,000 ilhali skima haikutaja kuwa mkato hutenganisha maelfu. Kwa kila kosa, ripoti hutaja safu mlalo na safu wima husika. Hivyo basi, mtafiti anaweza kurekebisha nakala yake na kuhifadhi faili asilia bila kuigusa.

4.0 Makosa Yasiyobainika

Suala la tarehe linadhihirisha mpaka wa uhakiki huu. Tuseme skima inadai mpangilio wa siku, mwezi na mwaka, lakini faili moja imeandikwa kwa mpangilio wa Kimarekani. Tarehe 04/25/2012 itakataliwa kwa kuwa hakuna mwezi wa 25. Hata hivyo, 04/03/2012 itapita, na malipo ya tarehe 3 Aprili yatahesabiwa kuwa ya tarehe 4 Machi. Kwa hiyo, kosa moja la tarehe ni dalili kwamba safu wima nzima inahitaji kuchunguzwa. Kurekebisha seli iliyotajwa pekee hakutoshi.

Aidha, sharti lisilofaa huweza kuikataa data iliyo sahihi. Sharti kwamba kiasi kisipungue sifuri huonekana la busara, lakini huyakataa marejesho ya fedha, ambayo huandikwa kwa alama ya kutoa. Yakiondolewa, jumla ya matumizi huzidi uhalisi.

5.0 Hitimisho

Ripoti isiyo na kosa huthibitisha jambo moja tu: kwamba faili inalingana na skima iliyotumika. Haithibitishi kwamba malipo yalifanyika, wala kwamba orodha imekamilika. Kwa mantiki hiyo, tasnifu inayodai kuwa data zake zilihakikiwa yapaswa kuambatisha skima, toleo la programu lililotumika na orodha ya marekebisho yaliyofanywa. Bila viambatisho hivyo, mtahini hana njia ya kupima uzito wa dai hilo.