Kijana wa Kapseret Akienda Jeshini, Vita Viko Umbali Gani?

Kila Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) linapotangaza usajili, vijana wa Kapseret, karibu na Eldoret, hufika uwanjani alfajiri na vyeti vyao, na nyumbani wazazi hubaki na swali: ni kazi gani jeshini itakayomweka mtoto wangu mbali na risasi? Jibu linalozunguka mitaani ni kwamba GD ndiye anayepelekwa vitani, na mwenye cheti cha ufundi hubaki gereji au ofisini. Lina ukweli ndani yake, ila halijakamilika. Jina la kazi ni dalili tu. Yanayoamua zaidi ni mahali kikosi kilipopelekwa, na mtu anavyotembea akiwa huko.

GD ni kuruti wa kazi za kawaida, anayechukuliwa akiwa na miaka 18 hadi 26, na siku anayosajiliwa hajui atakuwa nani. Hufunzwa katika Shule ya Mafunzo ya Makurutu, Moi Barracks, nje ya mji wa Eldoret, kisha hupangiwa: askari wa miguu, mizinga, vifaru, uhandisi, mawasiliano, wanahewa, wanamaji. Akiangukia askari wa miguu, uwezekano wake wa kukutana na adui ana kwa ana unazidi wa wenzake karibu wote, kwa sababu doria, kulinda kambi na kushika eneo ndiyo kazi yake ya kila siku. Katika Vita vya Pili vya Dunia, askari wa miguu walikuwa sehemu ndogo ya jeshi la Marekani lililovuka bahari, lakini ndio waliokuwa wengi kabisa kati ya waliouawa na kujeruhiwa.

Hata hivyo, askari wa miguu haendi vitani kivyake. Huenda na kikosi chake, kwa zamu. Kenya iliingia Somalia Oktoba 2011 katika Operesheni Linda Nchi, na mwaka uliofuata majeshi yake yakaunganishwa na AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika huko Somalia. Zamu ya 9 Kenya Rifles, batalioni ambayo nyumbani kwake ni hapo hapo Moi Barracks, ilipofika, baadhi ya wanajeshi wake waliwekwa El Adde, katika eneo la Gedo. Alfajiri ya tarehe 15 Januari 2016, gari lililojazwa vilipuzi lilifungua njia, na wapiganaji wa kundi la Al-Shabaab wakaivamia kambi. Serikali haikutangaza hesabu kamili ya waliokufa. Tarehe 27 mwezi huo ibada ya kumbukumbu ilifanyika Moi Barracks, Rais Uhuru Kenyatta akiwa pamoja na marais wa Nigeria na Somalia. Asubuhi ile ya El Adde, askari wa miguu wa batalioni nyingine, mwenye cheo kile kile na mshahara ule ule, alikuwa Kenya akinywa chai, kwa kuwa zamu yake ilikuwa bado.

Na kambi ya mbele haina askari wa miguu pekee. Ina mpishi, mhudumu wa afya, fundi wa magari na mtu wa redio. Adui akivunja ukingo wa kambi, haulizi nani alisomea nini, na ndiyo maana kila mmoja wao hufundishwa kwanza kutumia bunduki.

Barabara ndiyo inayonitia hofu zaidi. Al-Shabaab wamejenga sehemu kubwa ya vita vyao juu ya bomu linalofukiwa njiani, Somalia na hata huku kwetu Lamu, Garissa na Mandera. Bomu hilo humsubiri anayepita. Dereva wa lori la maji au chakula, ambaye kwenye karatasi ni mtu wa ugavi, hupita njia ile ile tena na tena, na mhandisi hutangulia kuikagua. Mzazi anayefurahi kwamba mwanawe ameingia jeshini kama dereva anapaswa kulijua hili mapema.

Jeshi la wanahewa nalo lina sifa ya usalama, na kwa fundi aliye kwenye kambi ya ndani ya nchi sifa hiyo ni ya haki. Lakini katika Vita vya Pili, kati ya watu wapatao 125,000 walioruka na ndege za mabomu za Uingereza, zaidi ya 55,000 waliuawa, huku mafundi wa chini wakibaki salama kwa kiasi kikubwa. Jeshi moja, hatari mbili tofauti kabisa. Na hata walio chini huguswa: tarehe 5 Januari 2020 Al-Shabaab walishambulia uwanja wa ndege wa Manda, Lamu, na mwanajeshi wa Marekani aliyeuawa hapo kazi yake ilikuwa kuongoza ndege. Kapseret, penye uwanja wa ndege wa kimataifa, watu wanaijua kazi hiyo kuwa ya kukaa na redio mnarani.

Historia yetu ina mfano mkubwa zaidi. Katika Vita vya Kwanza, Waingereza walikusanya wapagazi wa Afrika Mashariki wabebe mizigo ya jeshi. Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zimebeba jina la kikosi chao. Hawakuajiriwa kupigana. Zaidi ya 40,000 kutoka Kenya pekee walikufa, wengi kwa maradhi, njaa na uchovu. Nawahesabu kuwa waliokufa vitani, hata kama hawakuguswa na risasi.

Cheo pia si kinga. Jenerali Francis Ogolla, Mkuu wa Majeshi, alikufa tarehe 18 Aprili 2024 katika ajali ya helikopta huko Elgeyo Marakwet, jirani zetu, pamoja na wanajeshi wengine tisa.

Kuna jambo moja ambalo wazazi hawaliulizi. Kijana akikosa nafasi ya KDF akaingia polisi, wengi hupumua wakidhani amekwepa vita. Novemba 2012, katika bonde la Suguta, Samburu, zaidi ya maafisa 40 wa polisi waliuawa wakifuatilia mifugo iliyoibwa, na wengi wao walikuwa wametoka mafunzoni muda mfupi tu. Polisi wa akiba anayelala na bunduki Bonde la Kerio yuko karibu na risasi kuliko karani wa jeshi aliye Nairobi, na yeye hana kambi wala zamu ya kupokezwa.